Habari Mbaya Ziwahi Kufika: Mwongozo wa Kuiandaa Kampuni kwa Mabadiliko Yajayo

Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera ya kidijitali ndani ya kampuni iliyokuwa ikiishi kwa kuuza filamu za kupigia picha. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Januari 2012 Kodak ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Kwa miaka zaidi ya 30 kampuni hiyo ilikuwa na ujuzi, fedha na wahandisi, na baadaye hata ikauza kamera za kidijitali kwa wingi. Lakini faida, vyeo na bajeti viliendelea kuifuata filamu, na aliyeleta habari za kesho alionekana kama mtu anayetia mchanga kwenye chakula cha leo.

Kwa hiyo hapa hutafundishwa kubashiri. Utafundishwa kufupisha njia iliyopo kati ya mtu anayeona jambo na mtu mwenye mamlaka ya kuliamulia. Utamaduni wa kazi, uwe mzuri au mbaya, ndio unaopanga nani anasema, nani anasikilizwa, na nini kinampata aliyesema. Ubunifu hukua au hufa hapohapo.

Hatua zinazofuata zinaifaa kampuni au idara yenye watu kati ya 15 na 200. Mkiwa wachache zaidi, punguzeni makaratasi. Mkiwa wengi zaidi, anzeni na idara moja. Msingi huchukua siku 90. Mazoea yenyewe huhitaji karibu mwaka mzima kabla ya kusimama bila kushikiliwa. Utahitaji saa 2 kwa wiki za kiongozi mkuu mwenyewe, bila kumtuma msaidizi. Mratibu mmoja anayeweza kutoa siku moja kwa wiki. Jedwali moja la kompyuta ambalo kila mfanyakazi anaweza kulisoma. Na bajeti ndogo ya majaribio. Programu ya kusimamia mawazo usiinunue katika miezi 6 ya mwanzo. Watu wataandika humo, hakuna atakayejibu, na ndani ya wiki chache itakuwa kaburi la mapendekezo.

Hatua ya 1: Pima safari ya habari mbaya

Chagua matukio 3 ya miezi 12 iliyopita yaliyoigharimu kampuni: mteja mkubwa aliyeondoka, bidhaa iliyorudishwa, mradi uliochelewa. Kwa kila tukio tafuta tarehe nne:

1. Siku dalili ya kwanza ilipoonekana na mtu yeyote ndani ya kampuni.
2. Siku mtu huyo alipomwambia msimamizi wake.
3. Siku habari ilipomfikia mwenye mamlaka ya kuamua.
4. Siku uamuzi ulipofanyika.

Mahojiano yawe ya mtu mmoja mmoja, dakika 20 hadi 30, na anayehoji asiwe bosi wa anayehojiwa. Swali la "nani alikosea" lisiulizwe kabisa. Uliza matatu tu: ulijua lini, ulimwambia nani, ulijibiwa nini. Jibu la swali la tatu ndilo lenye dhahabu, kwa hiyo andika maneno yenyewe kama alivyoyasema.

Ukishapata tarehe, hesabu siku. Pengo kati ya tarehe ya 1 na ya 2 likiwa kubwa, watu wanaogopa au wamekata tamaa, na tiba iko hatua ya 2. Pengo la pili likiwa kubwa, wasimamizi wa kati wanachuja habari. Nenda hatua ya 2, kisha usisahau ya 8. Pengo la tatu likiwa kubwa, habari zinafika ila uongozi wa juu hauamui. Hapo usianze kuwahimiza wafanyakazi waseme zaidi. Utakuwa unawaongezea sababu za kukata tamaa.

Pengo la pili ndilo gumu kuliona, kwa kuwa hakuna anayedanganya. Fundi anasema "mashine inatuangusha." Msimamizi anaandika "kuna changamoto za mashine." Meneja anaripoti "matengenezo yanaendelea." Mkurugenzi anasoma kwamba mambo yanakwenda. Kila mmoja amelainisha kidogo tu, na hakuna hata mmoja unayeweza kumwita mwongo. Njia ya kuligundua ni kuweka taarifa za ngazi zote nne mezani, tatizo moja, wiki moja, na kuzisoma kwa mfuatano.

Hatua ya 2: Badilisha jibu la kwanza la kiongozi

Mtu anapoleta habari mbaya, sekunde 30 za kwanza ndizo zinazoamua kama ataleta nyingine. Mabango ya ukutani kuhusu uwazi hayana nguvu mbele ya uso uliokunjwa. Wafundishe wasimamizi wote mpangilio huu, na wafanye mazoezi wawili wawili mpaka utoke mdomoni bila kukumbukwa:

Kwanza, "Ahsante kwa kuniambia mapema." Pili, "Umeona nini hasa, na wapi?" Tatu, "Unahitaji nini kutoka kwangu leo?" Neno "kwa nini" lingoje hadi tatizo limedhibitiwa, kwa sababu likitangulia husikika kama shtaka na mtu huanza kujitetea badala ya kueleza.

Toyota imelijenga jambo hili ndani ya mstari wa uzalishaji. Mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, taa inawaka, na kiongozi wa timu anafika pale alipo. Mstari hausimami papo hapo. Unasimama ikiwa tatizo halijatatuliwa gari linapofikia mwisho wa eneo lile la kazi. Tazama kinachofanya kamba ile ifanye kazi: anayekuja ni mtu wa msaada, na anakuja mara moja. Viwanda vingi vimefunga kamba za namna hiyo na zikabaki mapambo, kwa kuwa aliyevuta aliachwa peke yake, au aliulizwa mbele ya wenzake kwa nini amechelewesha kazi.

Andika kanuni ya ukurasa mmoja inayotenganisha mambo matatu. Kosa la bahati mbaya lililoripotiwa na aliyelifanya: hakuna adhabu, mfumo unarekebishwa. Njia ya mkato ambayo wengi wanaifuata: hakuna adhabu mpaka ijulikane kwa nini utaratibu rasmi haufuatiki. Uvunjaji wa makusudi, wizi au kuficha: nidhamu ya kawaida. Kanuni isiyo na kipengele cha tatu huwaudhi wafanyakazi waaminifu, na isiyo na cha kwanza huwafunga midomo wote. Usafiri wa anga wa Marekani umekuwa na mfumo wa aina hii tangu 1976: marubani na waongozaji wa ndege hutuma taarifa za makosa kwa NASA, shirika la anga za juu, siyo kwa mamlaka inayotoa leseni, na majina huondolewa. Kutenganisha anayepokea taarifa na anayeadhibu ndiko kulikozaa imani hiyo. Nawe fanya vivyo hivyo: mratibu wako asiwe mtu wa rasilimali watu mwenye mafaili ya nidhamu.

Jiandae na jambo moja linalowatisha viongozi wengi. Katika miezi 2 au 3 ya mwanzo, idadi ya makosa yanayoripotiwa itapanda. Profesa Amy Edmondson alipochunguza timu za hospitali katika miaka ya 1990 alikuta timu zilizoongozwa vizuri zina makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Ilitokea kwamba zilikuwa huru zaidi kuyataja. Kwa hiyo namba ikipanda, waambie bodi au wamiliki mapema kwamba itapanda, na kwa sababu gani. Kiongozi anayetaharuki wiki ya sita na kutoa onyo kali hurudisha kazi yote nyuma ya pale ilipoanzia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kampuni iliyorudia kuficha baada ya kufundishwa uwazi ni ngumu kuitibu mara ya pili.

Vikaoni, mkubwa kuliko wote aseme mwisho. Kabla ya mjadala, kila mmoja aandike hoja zake kimya kwa dakika 5, kisha zisomwe kuanzia kwa aliyeajiriwa karibuni. Na wapo wanaoona kumpinga mkubwa mbele ya wengine ni utovu wa adabu. Kuwaambia "muwe huru" hakuwasaidii. Wape kazi badala ya ruhusa: "Tuchukulie mwaka umepita na mpango huu umeshindwa vibaya. Kila mtu aandike sababu mbili." Zoezi hili lilisambazwa na mwanasaikolojia Gary Klein. Uzuri wake ni kwamba kukosoa kunageuka kutii, na anayenyamaza ndiye anayeonekana hajafanya kazi aliyopewa.

Hatua ya 3: Kila wazo liwe na mwenyewe na tarehe ya jibu

Sanduku la maoni halifi kwa kukosa maoni. Linakufa kwa kukosa majibu. Wazo liandikwe kwa mistari mitano: tatizo ni lipi, linamgusa nani, linagharimu nini sasa (dakika, vipande vilivyoharibika, simu za wateja), ninapendekeza nini, na tunawezaje kulijaribu kwa udogo. Mfanyakazi asiyependa kuandika amsimulie mratibu, naye aandike.

Jibu litoke ndani ya siku 10 za kazi, na liwe moja kati ya matatu: "ndiyo, fanyeni"; "jaribuni", kwa kadi ya hatua ya 5; au "hapana, kwa sababu hii". Maneno "tutaliangalia" yapigwe marufuku. "Hapana" yenye sababu inavumilika, na mara nyingi mtu huyohuyo anarudi na wazo lililoboreka. Ukimya haumrudishi.

Nani anajibu? Msimamizi wa karibu, bila kuomba ruhusa juu, ikiwa jambo linaweza kurudishwa lilivyokuwa ndani ya siku moja na gharama yake haivuki kiwango mlichokiandika. Kiwango kiwe kile ambacho msimamizi huyo tayari anaruhusiwa kukitumia kwa matengenezo ya dharura. Hapo hakuna haja ya kanuni mpya za fedha. Yanayovuka kiwango yaende kwenye kikao kifupi cha kila wiki mbili chenye watu 3, na mmoja wao awe mtu wa kazi za mikono au wa dirishani kwa wateja.

Zawadi nono za fedha ziogope. Ukiahidi asilimia ya kilichookolewa, watu wanaficha mawazo mpaka yakamilike ili wasigawane, na mabishano ya nani alianza hayaishi. Toyota imeendesha mpango wa mapendekezo ya wafanyakazi tangu 1951, na maisha marefu ya mpango wa namna hiyo hutokana na utekelezaji: mtu akiliona wazo lake linatumika Jumatatu, ataleta jingine. Jina lake liandikwe kwenye jedwali, na yeye ndiye awaeleze wenzake, siyo msimamizi kwa niaba yake.

Weka ukomo wa mawazo yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Kwa watu 50, matano yanatosha. Mengine yangoje foleni huku wenyewe wakijua yako namba ngapi.

Hatua ya 4: Muda wa kujaribu, pamoja na punguzo la malengo

Kampuni ya 3M ya Marekani inajulikana kwa kuwaruhusu watu wake kutumia asilimia 15 ya muda wa kazi kwa mambo waliyoyabuni wenyewe. Kwa wiki ya saa 40 hiyo ni saa 6. Kampuni nyingi hazimudu, na kuiga namba hiyo bila kujiandaa huishia kwenye aibu. Anza na saa 4 kila wiki mbili kwa timu moja, yaani asilimia 5, kisha mzunguko uende kwa timu nyingine baada ya robo mwaka.

Sasa sikiliza sehemu inayosahaulika: ukitoa asilimia 5 ya muda, punguza malengo ya timu hiyo kwa asilimia 5, kwa maandishi. Bila punguzo hilo umewapa kazi ya ziada ya usiku, nao watajua. Kwa kazi za zamu, tumia dakika 30 ambazo zamu mbili zinakutana. Waliotoka na walioingia wakae pamoja, kwa maana hao ndio wanaoona tatizo moja kutoka pande mbili.

Hatua ya 5: Kadi ya jaribio

Hii ndiyo mashine ya ubunifu. Mambo mengine yote yanailisha au yanailinda. Kadi ijazwe kabla jaribio halijaanza na isibadilishwe baadaye. Iwe na dhana, kipimo, kiwango cha kufaulu, kiwango cha kusimamisha, muda (wiki 2 hadi 6), ukomo wa gharama, mwenye jaribio, na jina la atakayeamua siku ya mwisho.

Mfano wa kadi iliyojazwa, namba zikiwa za kuonyesha tu:

*Dhana:* tukimpigia mteja mpya simu ndani ya saa 24 tangu anunue, wanaoomba msaada wiki ya kwanza watapungua. *Kipimo:* wateja walioomba msaada angalau mara moja ndani ya siku 7. *Sasa:* 40 kwa kila 100. *Kufaulu:* 28 au pungufu kwa kila 100. *Kusimamisha:* wateja zaidi ya 5 wakilalamika kwamba wanasumbuliwa. *Namna:* wateja 120 wanaofuata. Wenye namba za ankara shufwa wapigiwe, wenye witiri wasipigiwe. *Muda:* wiki 4. *Gharama:* saa 10 za kazi.

Kwa nini shufwa na witiri? Kwa sababu mfanyakazi akiachiwa kuchagua wa kumpigia, atawapigia wapole, na matokeo yatakuwa mazuri kwa sababu ya wapole hao. Na tahadhari kuhusu udogo wa namba: kati ya wateja 60 na 60, matokeo ya 24 dhidi ya 22 hayasemi kitu. Hata 24 dhidi ya 16 yanaweza kutokea kwa bahati. Yakipatikana, rudieni kwa wateja wengine 120 kabla ya kueneza kampuni nzima. Wiki 4 za ziada ni nafuu kuliko utaratibu wa kudumu uliojengwa juu ya bahati.

Majaribio huharibika kwa njia zinazojirudia. Timu bora kuliko zote hupewa jaribio, likafaulu, kisha likashindwa kwa timu za kawaida. Chagua timu ya katikati. Kipimo hubadilishwa njiani kwa sababu cha kwanza hakipendezi. Jaribio hupewa jina kubwa na uzinduzi wa shangwe, na tangu hapo hakuna anayethubutu kusema limeshindwa. Liendeshwe kimya hadi lipite. La nne, na ndilo linalokula fedha nyingi, ni kukosa kiwango cha kusimamisha: jaribio linakokotwa miezi, halifaulu wala halifi, watu wake wanachoka, na kazi nyingine zinakosa nafasi. Ikiwa katika miezi 6 hakuna jaribio hata moja lililosimamishwa kwa kiwango chake lenyewe, mnajaribu mambo ambayo mlishayaamua.

Yaliyoshindwa yatunzwe kwa uangalifu uleule wa yaliyofaulu. Mwaka 1968 Spencer Silver wa 3M alipata gundi dhaifu inayoshika na kubanduka bila kuacha alama, wakati lengo lilikuwa gundi yenye nguvu. Haikuwa na kazi. Aliendelea kuwaeleza wenzake habari zake, na mwaka 1974 Art Fry, aliyekuwa akihangaika na vialamisho vilivyokuwa vikidondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo za kwaya, akaikumbuka. Vikaratasi vya Post-it viliingia sokoni kote Marekani mwaka 1980. Kwa hiyo safu ya mwisho ya jedwali lako iitwe "Kinafanya nini hasa?" na ijazwe hata pale jibu la kufaulu ni hapana. Maneno "halikufaa" hayatamsaidia mtu atakayelisoma baada ya miaka 6. "Inashika karatasi lakini inabanduka" yatamsaidia.

Hatua ya 6: Mapitio ya dakika 30

Kila jaribio, mradi au tatizo kubwa likiisha, kaeni ndani ya siku 3 kabla kumbukumbu hazijapoa. Maswali ni manne, yaleyale linayoyatumia Jeshi la Marekani baada ya mazoezi: tulitarajia nini, kilitokea nini, kwa nini vilitofautiana, tutafanya nini safari ijayo. Mawili ya kwanza yasizidi dakika 10. Toka na hatua zisizozidi 3, kila moja na jina na tarehe. Na pitieni pia yaliyokwenda vizuri. Kampuni inayokaa chini wakati wa maafa pekee huwazoesha watu kuuogopa mwaliko wenyewe.

Hatua ya 7: Kila robo mwaka, tazameni mbele

Saa 3, watu 6 hadi 10, theluthi moja wawe wale wanaokutana na wateja au mashine kila siku.

Anzeni na orodha ya mnachojua kufanya, siyo mnachouza. Tofauti ni kubwa. Fujifilm ilikumbwa na kuporomoka kulekule kwa soko la filamu kulikoikumba Kodak. Ilipojitazama iliona kwamba inajua kolajeni, kwa kuwa filamu imejaa kolajeni. Inajua kuzuia picha zisichuje rangi, na kemia hiyo inagusa kuzeeka kwa ngozi. Na inajua kutengeneza tando laini sana za plastiki. Mwaka 2007 ilianza kuuza vipodozi vya ngozi vya Astalift, na tando zake ziliingia kwenye skrini bapa. Andikeni ujuzi wenu kwa vitenzi: tunakausha, tunapanga njia za magari, tunakagua mikataba, tunatuliza wateja wenye hasira. Kisha ulizeni ni nani mwingine anauhitaji.

Pili, kila mmoja alete jambo moja geni aliloliona tangu kikao kilichopita: swali ambalo wateja hawakuwa wakiliuliza, mshindani kutoka sekta nyingine, mfanyakazi mzuri aliyeacha kazi na alikokwenda. Yaandikwe hata yakionekana ya kipuuzi. Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu moja halisemi kitu. Jambo likiletwa na watu 3 kutoka idara 3, linapata mwenye kulifuatilia.

Tatu, chora picha nne za kesho. Kampuni ya mafuta ya Shell ilianza kazi ya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1970 chini ya watu kama Pierre Wack, na mgogoro wa mafuta wa 1973 ulipofika viongozi wake walikuwa wameshaifikiria hali ya aina hiyo. Chagueni mambo mawili ambayo ni mazito kwenu na hamna uhakika nayo, mathalani kama wateja watanunua moja kwa moja au kupitia wakala, na kama kazi yenu kuu itafanywa na mashine au na watu. Yakikatishana yanatoa picha nne. Kwa kila picha jibuni: bidhaa gani itakufa, ujuzi gani tutaukosa, dalili 2 zinazopimika za kuonyesha kwamba ndiko tunakokwenda, na hatua moja ya bei ndogo tunayoweza kuichukua sasa. Hatua inayofaa katika picha 3 kati ya 4 ifanyike bila kusubiri.

Kinachoharibu zoezi ni kuzipa picha asilimia za uwezekano. Mara mkiandika "asilimia 60", picha tatu zilizobaki husahaulika na mmerudi kubashiri.

Hatua ya 8: Nani anapanda cheo

Wafanyakazi hawasomi maadili ya kampuni. Wanasoma orodha ya waliopandishwa. Kwa hiyo ongeza maswali mawili kwenye kila usaili wa cheo: ni habari gani mbaya uliyoileta juu mwaka huu, na ni jambo gani ulilolisimamisha. Msimamizi anayefikia malengo kila mwezi huku timu yake haijaleta hata wazo moja wala kosa moja, asipandishwe mpaka sababu ijulikane. Na ikiwa bonasi yake inategemea taarifa isiyo na doa, badilisheni bonasi kabla ya kumlaumu. Sehemu yake itegemee tatizo kuripotiwa mapema.

Kwenye mafunzo, chora jedwali la majina upande mmoja na kazi muhimu upande wa pili. Jaza 0 kwa asiyejua, 1 kwa anayefanya akisimamiwa, 2 kwa anayefanya mwenyewe, 3 kwa anayeweza kufundisha. Kila kazi yenye mtu mmoja tu wa 2 au 3 ni tundu. Zibeni hizo kwanza kabla ya kulipia kozi zozote za nje.

Mpangilio wa siku 90

Wiki 1 hadi 3: hatua ya 1 peke yake. Wiki ya 4: kiongozi mkuu awasomee wafanyakazi matokeo, pamoja na pengo linalomhusu yeye. Akiruka pengo lake, simamisheni hapo, kwa kuwa yanayofuata hayatashika. Wiki 5 na 6: mazoezi ya wasimamizi na kanuni ya ukurasa mmoja. Wiki 7: jedwali la mawazo lifunguliwe kwa timu moja. Wiki 8 hadi 12: majaribio 2, yasizidi. Wiki 13: mapitio na kikao cha kwanza cha kutazama mbele.

Kila mwezi bandikeni namba tatu: siku kati ya dalili na uamuzi, asilimia ya mawazo yaliyojibiwa ndani ya siku 10, na majaribio yaliyosimamishwa kwa kiwango chake. Idadi ya mawazo msiifanye lengo. Mkiweka "mawili kwa kila mtu kwa mwezi", mtapata hayo mawili, siku ya mwisho ya mwezi, mengi yakiwa ya kubadilisha rangi za mafaili.

Karibu mwezi wa 4 au wa 5 mapendekezo hupungua. Ni kawaida: yaliyokuwa yamerundikana kwa miaka yameisha. Mratibu asitoe matangazo ya kuhamasisha, aende sehemu moja ya kazi kila wiki, asimame pale dakika 40, aulize "leo ni kitu gani kimekufanya urudie kazi?" na aandike mwenyewe. Mapendekezo yakikauka huku mawazo yaliyopita siku 10 bila jibu yanaongezeka, chanzo ni uongozi, na kikao cha kila wiki mbili kifanyike kila wiki mpaka foleni iishe.

Mwezi wa 12, rudieni hatua ya 1 kwa matukio 3 mapya, na anayehoji awe mtu mwingine. Linganisheni mapengo matatu na ya mwaka uliopita, kisha mwaka wa pili uanzie kwenye pengo ambalo halijasogea.